Zamu ya Maji Kwenye Chumba cha Seva

Zaituni ameniomba niandike, na nyinyi mliobaki naye pale idarani mnamjua: akishaomba kitu mara moja haombi tena, anakaa tu anakuangalia. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, vilikuja kwa kuchelewa na havikubadilisha kiti nilichokalia. Nitawaeleza siku yangu ya kwanza, lile daftari la mlangoni, na wiki niliyokaribia kumharibia mtu kazi kwa sababu ya skripti niliyoiandika mimi mwenyewe. Mkiona nimejisema vibaya mahali, msidhani ni unyenyekevu. Ndivyo ilivyokuwa.

Nilifika hospitalini Jumatatu asubuhi, nimeshuka kutoka Marangu na basi la kwanza, viatu bado vina udongo wa kihambani, shamba letu la migomba. Hospitali nzima ilikuwa na seva mbili na mtu mmoja anayezijua, Bwana Kirit. Familia yake ilikuwa na duka la vipuri vya redio karibu na soko, hapa hapa Moshi mjini, na yeye alianza na redio, akahamia mashine za kuchapia, mwisho kompyuta. Alikuwa mwembamba, shati limenyooshwa pasi mpaka kwenye vifungo, na hakupenda kelele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha badala ya kunionyesha mashine akanionyesha daftari.

Lilikuwa daftari la shule la kawaida, limefungwa kwa uzi kwenye msumari mlangoni mwa chumba cha seva, kalamu ikining'inia pembeni. Lilikuwa na safu nne: jina, unachoingia kufanya, saa ya kuingia, saa ya kumaliza.

"Andika jina," akaniambia.

"Lakini sijafanya kitu bado, Bwana Kirit."

"Umeingia. Andika."

Nikaandika jina langu, nikaandika "kujifunza", nikaandika saa mbili na robo. Jioni nikatoka mbio kuwahi basi, sikujaza saa ya kumaliza. Kesho yake alinisubiri mlangoni, kidole kwenye ile nafasi tupu.

"Kwa hiyo wewe bado uko ndani," akasema. "Nimeenda nyumbani, nimekula, nimelala, na wewe uko ndani tu."

Nikashika kalamu nijaze. Akalifunga daftari. "Acha. Ikae hivyo, ikukumbushe." Ikakaa. Daftari lilipojaa alilifungia kabatini na kutundika jipya, na lile la kwanza likaenda kabatini na nafasi yangu tupu.

Daftari lilikuwa na sababu. Kabla sijaajiriwa, yeye na fundi mmoja aliyetumwa kutoka Dar walirekebisha mipangilio ya seva ile ile siku ile ile, kila mmoja kwenye meza yake. Kila mmoja alidhani amemaliza vizuri, na seva ikabaki na nusu ya huyu na nusu ya yule. Walitafuta tatizo siku mbili nzima wakati tatizo lilikuwa ni wao wenyewe. Tangu hapo, ukikuta mstari haujafungwa, hugusi kitu. Unamtafuta mwenye mstari popote alipo, unamuuliza kama amemaliza. Bwana Kirit amewahi kunifuata mpaka wodi ya watoto kuniuliza hivyo, nikiwa nimesahau kusaini saa ya kumaliza baada ya kubadilisha kibodi tu.

Huyu mzee alinifundisha kuisoma logi, kumbukumbu ambayo seva hujiandikia yenyewe, kuanzia chini kwenda juu, maana msiba huwa uko mwishoni. Alinifundisha kuweka lebo kwenye ncha zote mbili za waya. Alijaribu pia kunifundisha kunywa chai isiyo na sukari, na hapo hatukuelewana mpaka leo. Namshukuru kwa yote, hata kwa ile chai.

Alipostaafu seva zilikuwa zimeshafika saba, baadaye zikawa kumi na mbili: maabara, famasi, mapokezi, eksirei, kila kitengo kinataka yake. Mabadiliko madogo tu ya mipangilio, kwa mfano anwani ya printa, yalinichukua siku nzima, seva moja baada ya nyingine. Nikajifunza kuifanya kazi hiyo ijiendeshe. Niliandika skripti, yaani orodha ya amri inayojiendesha yenyewe: kila baada ya nusu saa inaamka, inachukua mipangilio mipya kutoka mashine kuu, inalinganisha na iliyopo, na pale palipobadilika inasimamisha huduma, inaandika faili jipya, inaiwasha tena. Seva zote kumi na mbili kwa dakika sita. Nilijisifu mpaka kule kantini wakaanza kuhama meza.

Daftari liliendelea kuning'inia kwa ajili ya watu. Haikunijia akilini hata siku moja kwamba skripti nayo inaingia.

Ndipo akaja Zaituni. Mnamjua kama mkuu wenu, lakini wakati huo alikuwa binti wa miezi mitano kazini, bado yuko kwenye kipindi cha majaribio. Kwao ni Chekereni, kule tambarare, wanalima mpunga, na yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wao kupata kazi ya kukaa mezani. Alikuwa kimya, anaandika kwa herufi ndogo kama za kalenda, na daftari alilisaini kuliko sisi wote. Mimi kimya chake kilinikera kidogo. Mimi ni mtu wa kusema, na mtu asiyejibu huwa nadhani ananihukumu.

Ilikuwa Jumanne mchana, wengi wameenda kula. Karibu saa nane simu zikaanza. Majibu ya vipimo hayafiki wodini. Maabara wanasema wametuma, wodi wanasema hawajaona, na wote wako sahihi. Kulikuwa na mama mmoja tayari kuingizwa upasuaji, daktari amevaa glavu, anasubiri majibu ya damu. Nesi alikimbia mwenyewe maabara akarudi na karatasi mkononi, na mama yule akafanyiwa upasuaji wake salama. Sijui jina lake mpaka leo, ila zile ngazi ambazo nesi alizipanda mbio nazifikiria bado.

Tulikuta seva ya maabara ina faili la mipangilio lililochanganyikana, juu jipya, chini la zamani. Majibu yote yalikuwa yanaenda kwenye kompyuta ya majaribio iliyo stoo, ambayo hakuna mtu anayeitazama. Tuliandika upya kwa mkono mpaka saa kumi. Kisha nikaenda mlangoni nikafungua daftari. Mstari ulikuwa mmoja tu: Zaituni, kubadilisha waya, kuingia saa saba na dakika ishirini, kumaliza saa saba na dakika arobaini. Faili lilikuwa limeharibika ndani ya muda huo huo.

Mkuu wa idara wakati huo alikuwa Bwana Gideoni. Nilimwambia mbele ya Zaituni, na mbele ya watu wawili wa utumishi waliokuwa wamepita, kwamba hakuna mwingine aliyeingia.

"Mama Ndeshi, mimi nimebadilisha waya tu," Zaituni akasema.

"Waya hauandiki faili," nikamjibu, kwa sauti ambayo sikuhitaji kuitumia.

Bwana Gideoni akasema Ijumaa ndiyo siku ya kupeleka barua za walio kwenye majaribio, na ya Zaituni sasa ameshajua ataiandikaje. Zaituni alikunja kile kitambaa alichokuwa anafutia vumbi, akakiweka mezani, akatoka.

Alhamisi saa nne, wakati wa chai, akaja mezani kwangu na karatasi mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama umekuja nikutetee kwa bosi, hapana."

"Si hilo mama. Nimecheki logi za Jumanne, zote. Naomba uangalie mstari huu, halafu na huu."

Nikavaa miwani. Mstari wa kwanza: skripti yangu imeanza saa saba kamili. Nikatafuta pale ilipomaliza baada ya dakika sita kama kawaida yake, sikupaona. Mstari wa pili: skripti yangu imeanza tena saa saba na nusu. Ile ya kwanza ilikuwa bado inaendelea. Ilimaliza saa saba na dakika thelathini na nane, juu ya kazi ya mwenzake. Siku ile eksirei walikuwa wanatuma picha nyingi kwa madaktari bingwa Dar, mtandao ukawa unatambaa, na dakika sita zikageuka zaidi ya nusu saa. Saa ya mashine ilipofika ikaamsha skripti nyingine bila kuuliza kama ile ya mwanzo imetoka. Zote mbili zilikuwa zangu. Zilikutana kwenye seva ya maabara zikaandika faili moja kwa pamoja, wakati Zaituni yuko chini ya meza anabadilisha waya.

Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa hasira. "Nani amekuruhusu kufungua logi zangu?"

"Ni logi za seva, mama."

"Umeshampelekea Bwana Gideoni?"

"Bado. Skripti ni yako, nimeona nianze kwako."

"Na nakala umebaki nayo?"

"Sina. Ni hizo tu."

Akaziacha mezani, akaenda kunywa chai yake. Mimi nikazichukua nikaziweka kwenye droo, nikafunga kwa ufunguo. Nawaambia hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofanya. Nilikaa pale mpaka saa tisa nikijidai nafanya kazi, huku nawaza kwamba logi zile zinajifuta zenyewe baada ya siku chache, na kwamba mtu pekee anayejua ni binti ambaye kesho hatakuwepo. Niliona aibu na bado nikaendelea kuwaza hivyo hivyo.

Kazi ilipoisha sikwenda stendi, nilikwenda dukani kwa akina Bwana Kirit. Sasa duka linaendeshwa na mpwa wake, mwenyewe anakaa nyuma ya kaunta na chai yake chungu. Nikamsimulia yote, na habari ya droo pia. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Hiyo skripti, jina lake liko wapi kwenye daftari?"

"Ni mashine, Bwana Kirit."

"Inaingia?"

"Inaingia."

"Inagusa mipangilio?"

"Inagusa."

"Sasa kwa nini haisaini?"

Akanywa chai, akaweka kikombe. "Wewe siku ya kwanza uliacha nafasi wazi. Mimi sikukupeleka kwa mkurugenzi."

Nikalia pale pale kaunta. Kulikuwa na mteja aliyefuata betri ya redio, maskini, akajifanya anachagua balbu mpaka nilipomaliza.

Ijumaa nilimkuta Bwana Gideoni hajakaa hata kwenye kiti. Nikamwekea zile karatasi mbili mezani, nikamweleza kwamba kosa ni la skripti yangu, na kosa la kumsingizia Zaituni ni langu zaidi.

"Mama Ndeshi, unajua hii nitalazimika kuiweka kwenye faili lako?"

"Iweke."

Akaiweka, na barua ya onyo ipo mpaka leo, atakaye akaisome. Ile barua ya kumwachisha Zaituni kazi aliichana vipande vinne, akaita karani amwandikie Zaituni nyingine, ya kuthibitishwa kazini. Nilimshukuru Bwana Gideoni wakati ule na namshukuru tena hapa, maana wapo wakuu ambao wangeona ni rahisi zaidi kumwacha mdogo aende.

Jumamosi nikapanda Marangu. Sisi Wachagga ukimkosea mtu sana unampelekea sale, ule mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba, na akilipokea amekusamehe. Nikakata kichwa kimoja kizuri. Jumatatu nikaliweka mezani kwa Zaituni.

"Jamani mama, ua zuri! Asante," akasema, akalitia kwenye chupa ya maji akaliweka dirishani.

Mtu wa Chekereni angejuaje? Na mimi, mtu wa kusema, nikashindwa kumweleza. Lilikaa dirishani wiki tatu mpaka likatoa mizizi. Ndipo mlinzi wetu mmoja, mzee wa Kibosho, Mchagga mwenzangu, alipoliona akamuuliza ni nani amemkosea hivyo. Zaituni alikuja mbio kwangu, anacheka na machozi yanamtoka.

"Mama, kumbe ulikuwa unaniomba msamaha, na mimi nikakuweka dirishani wiki tatu!"

Ndilo hilo sale lililo kwenye ndoo mlangoni mwa chumba cha seva, ambalo baadhi yenu mnamwagia masalia ya kahawa. Acheni.

Baada ya hapo tukaifundisha skripti kusaini. Kabla ya kugusa chochote, inaangalia kama kuna faili linaloitwa "zamu". Likiwepo, inaondoka. Lisipokuwepo, inaliweka, inafanya kazi, ikimaliza inalifuta. Mimi nikaona tumemaliza. Zaituni akatikisa kichwa.

"Mama, zikija mbili pamoja? Zote zinaangalia, zote zinakuta hakuna, zote zinaweka."

Akaniambia kuangalia na kuweka lazima liwe tendo moja. Tukaacha faili tukatumia folda, kwa sababu mashine haiwezi kutengeneza folda moja mara mbili. Anayewahi anaitengeneza, anayefuata anaambiwa ipo tayari, na kati yao hakuna upenyo. Tena tukaamua mtu naye akitaka kurekebisha kwa mkono apitie folda hiyo hiyo. Daftari na mashine vikawa na mlango mmoja.

Tulikaa kwa amani miezi kadhaa, kisha umeme ukakatika mchana wa mvua na betri za akiba zikazima mapema kuliko tulivyoahidiwa. Skripti ilikuwa katikati ya kazi. Umeme uliporudi, skripti haikuwepo lakini folda yake ilikuwepo. Kila nusu saa skripti mpya ilikuja, ikakuta kuna mwenye zamu, ikaondoka kwa adabu zote. Siku kumi na moja. Tuligundua pale wodi mpya iliposhindwa kuchapa hata karatasi moja, na mimi nikataka kuandika amri ya kufuta folda yoyote iliyozidi nusu saa, basi. Zaituni akaniangalia tu. Nikakumbuka Jumanne ile: hata skripti ile ilizidi nusu saa, na ilikuwa hai.

Ndipo nikamsimulia mambo ya nyumbani. Kwetu maji ya mlimani yanakuja kwa mfereji tunaouita mfongo, na kila nyumba ina zamu yake. Mwenye zamu anaweka jani bichi la mgomba kwenye mlango wa maji, analikandamiza na jiwe. Ukikuta jani la mwenzako limeshanyauka, huling'oi. Baba alitufundisha: unasimama pale unaita jina lake, "bado unamwagilia?", mara tatu. Akiitika, unasubiri hata kama muda umepita. Akiwa amemaliza anakujibu, "Nimemaliza, chukua maji." Asipoitika kabisa, unafungua, lakini kwanza unapita kwake kuangalia kuna nini. Jirani yetu alipita hivyo siku moja akamkuta baba ameanguka kihambani na malaria, na ndiye aliyempeleka zahanati.

"Kwetu kwenye mpunga tunapangiwa saa," Zaituni akasema. "Muda wako ukiisha, msimamizi anafunga. Ila hii ya kuita ni nzuri, mama. Hii tunaweza kuiandika."

Tukaiandika. Skripti ikichukua zamu inaacha ndani ya folda namba yake, ile ambayo mashine huipa kila kazi, na saa iliyoanza. Inayofuata ikikuta folda imezidi muda, inaiuliza mashine kama mwenye namba ile bado yu hai. Akiwa hai inaondoka, na inatutumia ujumbe kwamba kuna anayechelewa. Akiwa hayupo, inafuta folda, inachukua zamu, na inatutumia ujumbe tukaangalie kilichompata. Zaituni akaongeza kwamba iulize na jina, si namba tu, maana mashine huzigawa namba upya, unaweza kumwita jirani akaitika mtu mwingine kabisa. Tangu hapo hazijagongana tena. Ujumbe huwa unakuja mara moja moja, na kila ukija simu yangu ikatetemeka, namkumbuka baba.

Siku yangu ya mwisho kulikuwa na keki na hotuba, mlikuwepo. Ambacho hamkukiona ni baada ya nyinyi kuondoka. Nilirudi chumba cha seva, nikasema nakagua lebo za waya. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshika ufunguo mkononi na sikuweza kutoka. Nilisikiliza feni. Nikasoma lebo ambazo niliziandika mwenyewe. Zaituni, ambaye tangu saa nane mchana ule ndiye mkuu wa idara, alikuja akasimama nje ya mlango, pale penye sale. Hakuingia. Mkononi alikuwa na daftari kuukuu, la kwanza kabisa, sijui alilichimbua kabatini lini, limefunguliwa kwenye ukurasa wenye mwandiko wangu wa usichana: "kujifunza", saa mbili na robo, na nafasi tupu.

"Mama Ndeshi," akaita. "Bado unamwagilia?"

Nikasoma lebo moja zaidi. Akaita tena. Alipoita mara ya tatu nikajua kwamba angesimama pale mpaka giza liingie na asingeigusa zamu yangu kabla sijaitika.

"Nimemaliza, mwanangu," nikasema. "Chukua maji."

Nikachukua kalamu, nikatazama saa ya ukutani, nikajaza saa kumi na moja na dakika tano.